Kigari Kinapokelewa Mbele

Kwetu Kalembe, muntu mwenye muzigo hafiki mulangoni peke yake. Haijaandikwa popote, na hakuna anayekaa chini akufundishe. Unakua ukiona tu. Muntu akitokea kule chini na muzigo mugongoni, unaacha kile ulichokuwa nacho mukononi, unashuka kumukuta njiani, unapita nyuma yake, unaweka mikono chini ya muzigo wake na munapanda mukisukuma pamoja. Hata kama mumegombana asubuhi, unashuka. Mutagombana tena akishatua. Hiyo njo tunaita kupokea. Mimi nimepokelewa hivyo tangu nabeba bido ndogo ya maji, na mpaka leo namushukuru Mungu kunizalisha mahali watu wanafanya hivyo, ijapokuwa adabu hiyo hiyo ilikaribia kuniulia mama.

Mulini yetu ya kusaga muhogo iko chini kabisa, pembeni ya muto, kwa sababu pale njo kuko maji ya kuzungusha turbini inayotupa kuran, umeme wetu. Barabara iko juu. Wachuuzi wa upande wa Walikale wanasimama hapo juu siku ya soko na mawese yao, wanarudi na unga na maharagi yetu. Kati ya mulini na barabara kuna mutelemko. Jamani, ule mutelemko! Mvua ikipita kidogo tu, udongo unakuwa sabuni. Miaka yote mama zetu walipandisha mifuko pale kwa mugongo, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekazwa, macho chini.

Mama yangu amevaa ile kamba mpaka imemuachia alama. Ukipitisha kidole juu ya paji lake, pale nywele zinapoanzia, unasikia bonde dogo. Nilipokuwa mutoto nilipenda kulala nimeweka kidole changu mule. Na ni ile mifuko njo ilinipeleka Goma kusoma shule ya teknike, mimi binti, wakati majirani walikuwa wanamuuliza kama amekosa kazi ya kunipa nyumbani. Aliwajibu: “Kazi iko. Ataikuta akirudi na akili.” Mama hana maneno mingi, lakini akikujibu unabaki umejibiwa.

Basi nilirudi na akili, na nikarudi na mota. Atelie niliyofanyia kazi Goma ilikuwa na servomota moja imewekwa kwenye kona, imetolewa mu mashini ya kufunga paketi iliyokufa. Wakubwa wangu pale walinipa pamoja na sanduku lake la komande, lile la kuiongoza, wakaniambia niende nayo, inawajazia nafasi tu. Mungu awabariki. Watu wa koperative wakanunua kebo ya chuma, mama zetu wakabeba reli kipande kwa kipande wakiimba nyimbo za kwaya, na tukajenga kigari: sanduku la mbao juu ya magurudumu, linapanda kwa reli kutoka mulini mpaka barabarani, likivutwa na kebo inayojizungusha juu kwenye pipa la chuma. Mota iko hapo juu, mu kibanda changu. Siku ya kwanza kilipopanda na mifuko, mama mmoja alijitupa chini mu majani akacheka mpaka akalia. Mimi mwenyewe nililia, nikasema ni vumbi.

Kabla hatujakianza niliwakusanya wote nikawaeleza, maana mimi sipendi muntu atumie kitu asichokijua. Nikawaambia: hii mota iko na jicho na iko na mukono. Jicho liko kwa nyuma, wafundi tunaliita kodere. Linahesabu kila muzunguko, kwa hiyo saa yoyote linajua kigari kiko wapi kwenye reli, na linaniandikia namba pale kwenye kioo kidogo. Hata kuran ikienda, ikirudi, kodere haijasahau.

“Inakumbuka kuliko baba yako,” mama akasema, na baba alikuwa amesimama palepale. Watu wakacheka, na baba akacheka pia; siku ile ile alikuwa amesahau jembe shambani kwa mara nyingine.

Mukono uko ndani, nikaendelea. Ni freni. Kuna resori, zile springi za chuma, zinazoubana muti wa katikati ya mota usizunguke. Kuran ikiingia inazivuta zile resori nyuma na mukono unaachia. Kuran ikienda, zinarudi zenyewe na mukono unashika kwa mulio: taa! Mama mmoja akashangaa: inashika wakati haina nguvu? Njo hivyo, nikamujibu. Wakaangaliana. “Basi iko kama siye,” akasema, na wakacheka tena.

Halafu nikainua kidole, nikasema neno la muhimu kuliko yote. Mukono huu ni wa kushikilia, haukufanywa kwa kusimamisha. Kusimamisha ni kazi ya mota yenyewe: kigari kikikaribia, jicho linaiambia, inapunguza mwendo polepole, inasimama. Ikishasimama kabisa njo mukono unashika, ili mota ipumuzike. Ukiushikisha mukono wakati kigari bado kinaenda, unausaga. Na butoni nyekundu ni ya hatari tu, kwa sababu hiyo inakata kuran palepale na mukono unaruka kushika bila kungoja. Wote waliitika kwa kichwa. Papa Prezida, mukubwa wa koperative yetu, aliitika kuliko wote.

Tukaishi vizuri. Maharagi yakakomaa, muhogo ukasagwa, kigari kikapanda na kushuka. Mama alianza kupata saa ya kukaa mbele ya nyumba akichambua sombe, majani ya muhogo, huku jua bado liko. Kumukuta amekaa, wakati ule wa siku, ilikuwa kitu kipya kabisa. Nilikuwa napita kusudi, nimuone tu.

Lakini kioo changu kikaanza kuniambia kitu. Kinaonyesha mahali kigari kiko na nguvu mota inayotumia kukivuta. Njiani kuna kona, nyuma ya mikaratusi, hauioni ukiwa kibandani; pale mulima umesimama zaidi na mota inapaswa kuumia. Badala yake, kila kigari kikifika kwenye namba za kona, nguvu inashuka. Muzigo unakuwa mwepesi. Sasa muzigo wa muhogo unakuwaje mwepesi kwenye mulima mukali? Nikafikiri jicho limeharibika. Nikakagua waya, nikakagua kebo, nikapaka grisi magurudumu. Safari ijayo, mambo ni yale yale, kwenye namba zile zile. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nikamuachia Papa Prezida kibanda, nikashuka na muguu kwenda kuona huo mulima unaojipunguza.

Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanaimba. Nikapita mikaratusi, na macho yangu yakaona: mama yangu katikati, wenzake pande zote, miguu yao kati ya reli, mikono yao imewekwa nyuma ya kigari kilichojaa mpaka juu, wanasukuma. Kichwa cha mama kiliinama kabisa, kama vile bado amevaa kamba. Muzigo wote wa mulima ulikuwa umesimama juu yao, na kilichouzuia kuwarudia ni kebo moja na mota, na kuran ikienda, ule mukono.

“Eh! Mama! Munafanya nini hapo?”

“Tunakipokea,” akasema, bila kusimama.

“Mama, tokeni kwa reli! Tokeni!”

“Tangu asubuhi kiko kinapanda peke yake na siye tunaangalia? Siye tuko watu gani?”

“Ni mashini!”

“Na kama ni mashini, haichoke?”

Nilipiga makelele. Nilimushika mukono nikamuvuta pembeni, wenzake wakamufuata kwa kumuhurumia yeye, si kwa kunisikia mimi. Kigari kikaendelea kupanda. Mama alijifuta mikono kwenye kikwembe chake polepole sana. “Umenivuta mbele ya watu,” akaniambia. Hapo hapo kutoka juu nilisikia sauti: taa! kali, kavu, na kebo ikaruka. Kigari kilikuwa kimefika na kimesimamishwa kwa butoni nyekundu.

Nilipanda mbio. Papa Prezida alikuwa amesimama mulangoni pa kibanda, kifua mbele. Nikamuuliza kama kuna hatari gani. Hatari hakuna, akasema, anasimamisha tu. Kila nikienda kula ao nikishuka mulini, yeye njo anasimamisha. Ile ya mota, akasema, inasimama kwa uvivu, inajivuta jivuta. Hii ya butoni inasimama papo hapo, wachuuzi wanaipenda. Na kweli kulikuwa na wachuuzi wa mawese hapo barabarani, wanamupigia makofi. Mungu wangu! Mwanaume muzima.

Nikamuomba anyamaze kidogo. Nikaacha mifuko ndani, nikasogeza kigari chini kidogo ya mwisho, kikae juu ya mutelemko. Nikafunga magurudumu na kamba ya akiba kwenye muti wa pembeni, yenye kulegea kidogo, ya kukidaka mukono ukikosa. Nikakata nguvu ya mota ili mukono ubaki peke yake. Nikaangalia kioo. Mukono muzima, namba ya kodere inakaa palepale hata ukienda kula ukarudi. Namba ya mwisho ikabadilika. Nikafikiri macho yangu. Ikabadilika tena. Kwa macho kigari kilikuwa kimesimama kabisa. Ni lile jicho la mota tu njo liliona kwamba mukono umesagika, kigari kinateleza, polepole, kinarudi kule chini nilikotoka kumutoa mama. Nilikaa chini juu ya jerikani la mawese la muntu.

Nikafunga sanduku la komande na kufuli. Hapo njo maneno yalianza. Maharagi yako mu mifuko, soko linakaribia, wachuuzi wamefika, na mimi nasema kigari kimelala. Papa Prezida alisema tukiendeshe taratibu mpaka freni mupya ije. Nikamuambia taratibu ya kuanguka haipo. Akasema basi tupakie kidogo kidogo. Nikamuambia apakie, halafu yeye akae nyuma ya kigari na mimi nitabonyeza. Nilikuwa nimesema kwa sauti, mbele ya watu, na yeye ni muntu wa umri wa baba. Lakini sikuwa na sauti ingine siku ile.

Waliobaki walikuwa mama zetu. Walingoja nimalize. Halafu mama yangu akaenda nyumbani, akarudi na kamba yake. Alikuwa ameitundika nyuma ya mulango tangu kigari kianze. Akaipitisha kwenye paji, pale pale kwenye bonde lake, akainama, akapakiwa mufuko. Akanipitia karibu.

“Umetuonyesha raha halafu umetunyanganya,” akasema. Sikufungua kufuli. Lakini roho iliniuma, siwezi kudanganya.

Niliagiza freni kwa wale wa atelie Goma, na nikangoja, maana wakati ule njia ilikuwa inafunguka na kufungwa, munajua hali yetu ya usalama. Wakati wa kungoja, nilibeba. Nilimuomba jirani kamba, nikajifunga, nikapakiwa mufuko wa muhogo. Yo! Ile kamba inakushika kichwa mpaka meno yanauma. Unahesabu mawe ya chini, hauoni mulima, unaona visigino vya aliye mbele yako. Nilipofika kwenye kona ya mikaratusi nilitaka kufa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanguka pazuri. Hapo nikasikia mikono miwili imeingia chini ya mufuko wangu kwa nyuma, na nusu ya uzito ikaondoka. Sikuweza kugeuka. Mikono haikusema jina lake, lakini mutoto anajua mikono ya mama yake. Alikuwa hajaniongelesha tangu siku ya kufuli.

“Panda, fundi,” akasema.

Nilipanda nikilia, na yeye akisukuma. Na pale pale, chini ya ule mufuko, nikaelewa kwamba nikiweka amri ya kukataza watu kupokea, nitakuwa nakataza kitu kilichonileta mpaka hapa. Hawataiacha. Hata mimi nisingetaka waiache. Ilibidi nitafute namna ingine.

Freni ilifika kwa pikipiki mpaka Karuba, ikakwama hapo, dereva akasema hapiti. Niliposikia nikakata tamaa. Asubuhi Papa Prezida alikuwa ameondoka, nusu kwa muguu, nusu kwa kuomba lift, na alirudi akiwa na matope mpaka magoti, freni imefungwa mu vitambaa ndani ya koti lake kama kitoto kichanga. Watu walishuka kumupokea. Mimi nilishuka wa kwanza. Nikapita nyuma yake nikaweka mikono chini ya ule muzigo mudogo, na yeye akaniambia, bila kugeuka, kwamba ile butoni hataigusa tena mpaka kufa. Nikamuambia, “Aksanti, Papa.”

Niliifunga ile freni mikono imeoshwa na sabuni, na nikafukuza kila muntu mwenye harufu ya mawese kwenye kibanda, kwa sababu tone moja la mafuta kwenye freni linamaliza kazi yote. Wakaniita bibi arusi. Nikafanya ile kazi ya kuangalia namba: kigari kimejaa, mota imelala, mukono peke yake. Nikanywa chai yote. Namba haikutikisika. Nikawaita waje waangalie namba isiyofanya kitu, na wakaja, wakaiangalia kwa heshima kabisa. Mama mmoja akauliza kama sasa ndiyo imekuwa nzuri ao imekufa. Nikaongeza na meno ya chuma chini ya kigari, ya kuuma reli kebo ikikatika, maana nilikuwa nimeshaogopa vya kutosha.

Halafu nikamuendea mama. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa. Nikamuambia nimekuja kuongea juu ya kupokea.

“Unakuja kukataza.”

“Hapana. Nakuja kuomba mukipokee mbele.”

Hapo akainua kichwa. “Mbele? Nani anamupokea muntu mbele? Mbele unafanya nini, unamuangalia akiteseka?”

“Mama, mutoto anayejifunza kutembea unamupokea wapi?”

Mikono yake ilibaki mu maharagi.

“Mbele,” akasema mwishowe. “Unamufungulia mikono.”

“Basi.”

“Ungesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kunivuta kama mbuzi.”

Nikamuomba musamaha kwa lile la kumuvuta, akanipa maharagi nichambue. Kesho yake nikaifundisha mota mahali papya. Jicho likiona kigari kimefika chini kidogo ya mwisho, mota inakisimamisha kwa uvivu wake ule ule, mukono unashika, kengele inalia. Mama zetu wanasimama juu, pembeni ya reli, hakuna muguu unaoingia kati. Wanatundika kamba kwenye pua ya kigari, mukono unaachia, na wanakileta wakiimba, mota ikivuta na wao wakivuta. Kwa kioo changu nguvu inashuka tena, lakini sasa inashuka mahali ninapoona. Nakiri kazi ya kamba mota ingeifanya peke yake. Lakini nyimbo ingezitoa wapi?

Nilidhani mambo yameisha.

Siku moja ya soko mvua ilitupiga mapema. Kigari kilikuwa kinapanda kimejaa maharagi kuliko siku zote, kimefika kwenye namba za kona. Maji ya muto yakaleta majani na matawi, yakaziba mudomo wa turbini, na kuran ikaenda. Kioo kikazima. Sikusikia kitu isipokuwa ile sauti ndani ya mota: taa. Nikageuka kuangalia mahali mama zetu wanaposimama. Mama zetu wengine walikuwa pale, wamejifunika masashe ya plastiki kichwani. Mama yangu hakuwapo.

“Mama yangu iko wapi?”

“Ameshuka sasa hivi,” mmoja akasema. “Alisema mvua imekuwa kali, anaenda kuona.”

Kuona! Nilitoka bila viatu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka, nikaacha kuinuka nikateleza tu kwa makalio mpaka mikaratusi. Nilikuwa naita, na mvua inakula sauti. Nilijua atakuwa wapi. Miaka yote ya maisha yake muzigo ukikwama kwenye ile kona anapita nyuma yake. Nikafika, nikashika muti, nikaangalia.

Kigari kilikuwa kimesimama kwenye mulima mukali kabisa, mvua inapiga mifuko, na hakikuteleza hata unywele. Nyuma yake hakukuwa na muntu. Reli zilikuwa tupu, zinapitisha maji.

Mama alikuwa amekaa pembeni, kwenye majani, juu kidogo ya kigari, analowa. Amekaa wima kama muntu anayengoja misa ianze. Nilipofika karibu sikuona mikono yake. Nikapiga magoti mbele yake nikimupapasa mabega, nikamuuliza mikono imepatwa na nini.

“Nimeikalia,” akasema.

“Mama?”

“Nilishuka kukipokea, nikakaa pembeni kukingoja. Kilipokwama nikainuka, nikataka kupita nyuma. Nikakumbuka uso wako siku ile.” Akageuza macho, akaangalia kigari. “Basi nikaikalia. Hii mikono haisikie, mwanangu. Ningeiacha, ingeenda.”

Nilimutolea mikono chini ya mapaja, mmoja mmoja. Ilikuwa baridi, na mawe yameiachia alama. Niliiweka mu mikono yangu nikaipuliza, na nikamushukuru Mungu kwa sauti, nikazishukuru resori za chuma zilizoshika wakati kila kitu kimeenda, nikamushukuru Papa Prezida na matope yake. Mama aliniacha nimalize orodha. Halafu tukakaa pamoja kwenye mvua kulinda kigari, maana aliniambia kukiacha peke yake njiani haiwezekani, na juu ya hilo sikubishana.

Vijana wa mulini walitoa majani kwenye turbini, kuran ikarudi. Kule kibandani jicho lilikuwa linafunguka na kukuta kila kitu mahali pake. Nikamusikia Papa Prezida akituita kutoka juu, anauliza kama njia iko wazi. Nikamujibu iko wazi. Kebo ikakazana, mukono ukaachia, na kigari kikaanza kupanda, taratibu, kikatupita.

“Nenda,” mama akakiambia. “Wanakungoja.”

Kengele ikalia kule juu, na nyimbo zikaanza. Mama akainuka kwa kushika bega langu. Magoti yake yalikuwa yamekufa kwa baridi, na ile njia ilikuwa matope matupu. Alipiga hatua moja, akateleza, akasimama. Mimi nikapita nyuma yake, nikaweka mikono yangu miwili mugongoni mwake, nikasukuma.

“Mimi sina muzigo,” akasema.

“Najua, Mama. Panda tu.”